Kifungo Kwenye Kisahani

Risiti ilitoka mashineni saa nne na robo:
kahawa ya maganda, kilo arobaini na mbili,
na palipotakiwa kuandikwa pesa
pakaandikwa: Ahadi.

Mama Ndewaeli wa Kibosho aliigeuza mbele na nyuma,
akaisogeza mbali na macho, akairudisha.
"Hii," akasema, "ya mwaka jana bado ninayo."
Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka,
maana programu ile ni yangu,
nusu yangu, nusu ya Shirima aliyeiandika zamani
kisha akahamia Dodoma, na namba yake haipatikani.

Shirima alijua jambo moja: ukiuliza, unajibiwa hapohapo.
Siku zile bei ilikaa ndani ya programu.
Sasa inakaa mbali, kwenye kompyuta ya mnada;
lazima utume, ungoje,
na JavaScript haipendi kungoja:
inakutia ahadi mkononi, inageuka,
inamhudumia mwingine.

Ningeweza kuandika subiri, basi.
Lakini anayesubiri humwambukiza aliyemwita,
naye aliyemwita humwambukiza aliyemwita yeye,
mpaka mizani, mpaka daftari, mpaka kitufe cha kuchapa,
mafaili mia moja na kumi na tatu ya Shirima
yote yamesimama mlangoni yanangoja.
Na msimu umeshaanza. Nani angeyapa viti?

Chumba changu kipo juu ya baraza ya mafundi cherehani,
karibu na soko, Moshi mjini.
Dirishani nilimwona Fundi Anaeli
na mteja aliyeapa haondoki bila gauni,
kipaimara ni kesho,
na matundu ya vifungo hushonwa duka la tatu.
Fundi hakusema "njoo jioni."
Alimtuma kijana wake, Kundaeli,
akaweka kisahani kitupu juu ya cherehani,
akaegemea ukuta, akalala.
Alilala kweli. Mguu juu ya pedali, umetulia.
Mtu akamsalimia: hakuitika.
Kundaeli akarudi, akalaza gauni mezani,
kisha kifungo kilichobaki akakidondosha kisahanini:
ti!
Fundi akafumbua macho
akamalizia sentensi aliyoiacha katikati.

Nikaandika hivyohivyo.
Uzi mkuu, na uzi wa kutumwa.
Kati yao kumbukumbu ya pamoja, kijumba kimoja tu,
ndani yake sifuri.
Uzi mkuu unalala juu ya sifuri ile.
Uzi mdogo unakwenda mnadani, unangoja unavyojua,
unaweka bei mahali pake,
ndipo unageuza sifuri kuwa moja, unagonga.
Na Shirima, huko aliko, hajui kuwa kuna aliyelala.

Usiku nilikosea mara moja.
Uzi mdogo ulirudi kuuliza: nywila ya mnada ni ipi?
Ni Kundaeli amerudi kuuliza uzi wa rangi gani,
amesimama mbele ya mtu aliyelala
asiyeamka mpaka asikie kifungo.
Wangekuwepo pale hadi leo.
Sasa nampa nywila kabla hajatoka,
na fundi nimemwekea kikomo: sekunde kumi, aamke hata kwa hasira.

Sisemi ni uungwana. Uzi mkuu ukilala
saa ya kwenye skrini inaganda, kitufe hakibonyezeki,
mwenye haraka anadhani umeme umekatika.
Ila mizani hupima mtu mmoja mmoja.

Jumanne akaja tena Mama Ndewaeli, kilo kumi na tisa.
Mashine ikanyamaza kidogo, kama anayemeza mate,
ikatoa karatasi yenye tarakimu.
Akahesabu sifuri kwa ukucha. Akaifunga kwenye pindo la khanga.
Kisha akafungua fundo la pili,
akatoa kikaratasi cha mwaka jana, kimechakaa mikunjoni.
"Na hii?"

Nikatazama skrini.
Kwa hiyo, sina uzi wa kutuma.